Baridi ya Juni inasingiziwa

Kila Juni, kliniki yetu ya afya ya akili hapa Mbeya hupata watu wanaofanana. Hawana msiba, hawana deni la kutisha, ila wamechoka. Mtu analala mapema, anaamka mzito, chai anakunywa na maandazi manne, na hamu ya kuzungumza na watu imekwisha. "Daktari, hii baridi imenimaliza." Siku hizi wengine wanakuja wameshasoma kwenye simu kuhusu sonona ya majira ya baridi, na wanachotaka kwangu ni muhuri tu.

Muhuri huo mara nyingi siutoi. Siyo kwamba ugonjwa huo ni hadithi. Mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu, huko Marekani, habari za watu wanaozama kila mwaka siku zinapofupika na kuibuka zinaporefuka. Dalili zake zinapishana kidogo na sonona tuliyoizoea: mgonjwa hulala kupita kiasi badala ya kukosa usingizi, na hutamani wanga na vitu vitamu badala ya kukikimbia chakula. Chanzo kikubwa ni mwanga kupungua. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huweka sawa saa ya mwili na kuizima melatonini, homoni ya usiku. Mwanga ukichelewa au ukiwa hafifu, mwili unabaki usiku wakati mwenye mwili yuko kazini.

Sasa pima. Helsinki, Finland, mwishoni mwa Desemba jua halikai angani hata kwa muda wa saa sita. Tromsø, kaskazini mwa Norway, halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mbeya tuko karibu nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta. Siku yetu fupi kuliko zote ina mwanga wa saa kumi na moja na nusu hivi, na tofauti yake na ile ndefu ya Desemba ni takriban saa moja. Tena Juni na Julai mvua imekata na jua la mchana linawaka. (Watu wa Tukuyu na Mufindi, ukungu wenu naujua, ninyi lalamikeni.)

Kama mwanga upo, mtu anachokaje? Hapo huwa naomba nisimuliwe siku nzima. Juni jua linachomoza hapa karibu saa moja asubuhi. Mwenye duka la Mwanjelwa ametoka kwake gizani, mzula umefika kwenye nyusi, kapanda bajaji, kaingia kwenye fremu yenye taa moja, kisha kateremsha pazia la mlangoni ili upepo usipite. Anafunga saa moja jioni, giza limerudi. Ndani ya fremu kama ile mwanga huwa lux (kipimo cha mwanga) mia chache au chini yake. Nje, hata mawingu yakitanda, unafika maelfu. Mbeya anakaa, lakini macho yake yanaishi Helsinki.

Mtu wa namna hiyo namwambia akaote jua. Nusu saa, mapema kadiri jua linavyoruhusu, uso ukiwa wazi, bila kulikodolea macho. Wazee wanaoegemea ukuta wa mashariki na kikombe cha chai ya tangawizi hawakusubiri daktari awafundishe. Dada mmoja fundi cherehani nilimshauri ahamishie cherehani barazani asubuhi. Akabisha: vumbi la Julai litachafua vitambaa vya watu, na wateja watamkuta amejifunga shuka kama mgonjwa. Tukakubaliana kazi ya kufumua na kushona vifungo aifanyie nje, ya mashine ibaki ndani. Asiye na baraza ashuke kituo kimoja kabla na kutembea. Miguu nayo ina dawa yake.

Taa maalumu za tiba, ambazo watu huniuliza kama waagize, kwa mtu wa Mbeya ni kutupa hela. Zinamfaa mtoto wako aliyeko Finland.

Na wazazi wa watoto hao nao huja. "Amekuwa mvivu, simu hapokei, nadhani wamemfanyia kitu." Mama, hajalogwa. Muulize kama hali hii ilimpata na mwaka jana miezi hiyohiyo. Kama ndiyo, amwone daktari wa huko, na taa ya lux 10,000 ni kitu cha kawaida kwao: anakaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, akisoma au akila, bila kuikazia macho. Nafuu mara nyingi huonekana ndani ya wiki moja au mbili. Akiiwasha jioni itamharibia usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata kichaa cha kupandwa na furaha kupita kiasi, asiiguse kabla ya kuuliza. Tiba ya mazungumzo inasaidia pia, na dawa za sonona zipo. Vitamini D anywe akipimwa na kukutwa amepungukiwa. Ila kwa kutibu huzuni, ushahidi wake ni dhaifu. Wewe mpigie mchana wao, umwambie atoke nje hata kama hakuna cha kuona.

Nirudi nyumbani, kwa yale yanayojificha nyuma ya "baridi". Anayeamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, swali langu la kwanza ni kama jiko la mkaa lililala chumbani. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na madirisha yakifungwa inaua familia nzima. Anayeona baridi kuliko wenzake, ananenepa, sauti imekuwa nzito na choo kigumu, namgusa shingo na kumpeleka akapimwe homoni za tezi ya shingoni; nyanda hizi zilikuwa na rovu nyingi kwa ukosefu wa madini joto. Damu nayo ipimwe kama imepungua. Komoni, pombe ya kienyeji, ya kupasha mwili joto inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto huku joto linakutoka, na kesho yake moyo uko chini zaidi.

Sonona yenyewe haifuati kipupwe. Wengi ninaowapokea wakiwa wamezama kweli huja kati ya Januari na Machi, ghala likiwa tupu na mahitaji ya shule yakidai. Huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, karibu kutwa nzima, usingoje hali ya hewa ibadilike, njoo hospitali. Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake, na aletwe siku hiyohiyo.