"Wamarekani Wengi Wanataka": Wengi Gani?

Habari ikianza na "Wamarekani wengi wanataka...", mimi hutafuta kwanza swali walilojibu. Mara nyingi silioni. Nimeona asilimia tu, na asilimia bila swali ni jibu la mtu uliyemkuta katikati ya mazungumzo.

Hata jina la tafiti hizi za maoni linatukanganya. Tunaandika "kura ya maoni", na Mtanzania akawaza wagombea wa CCM wanavyochujwa ndani ya chama, Mkenya akakumbuka Katiba ya 2010. Katika tafiti hizi hakuna anayepiga kura. Ni watu elfu moja hivi, kwa simu au mtandaoni, wanaojibu kwa niaba ya zaidi ya milioni 330.

Elfu moja wanatosha? Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, ndiyo: matokeo hupotoka kwa takriban asilimia 3 juu au chini. Wasipochaguliwa vizuri, hata mamilioni hayatoshi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati nchi imo katika mdororo mkubwa wa uchumi na maskini hana simu wala gari. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na waliozitupa. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli (kundi la waliohojiwa) ndogo zaidi, alimtaja mshindi sawasawa. Jarida lile halikumaliza miaka miwili baada ya hapo, likafa.

Lakini kosa la sampuli angalau hufichuka siku ya uchaguzi. La maneno halifichuki. Utafiti wa General Social Survey, unaoendeshwa na NORC, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Chicago, tangu 1972, umekuwa ukiwagawa wahojiwa makundi. Kundi moja huulizwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kuwasaidia maskini. Zaidi ya nusu hukubali. Jingine huulizwa swali lilelile, ila mahali pa "msaada kwa maskini" limewekwa neno "welfare", yaani misaada ya serikali kwa wasiojiweza. Wanaosema fedha ni kidogo hupungua sana, na kwa miongo mingi waliosema ni nyingi mno ndio waliowazidi. Neno hilo kule lina harufu ya uvivu na ya kula jasho la wengine, na chuki za rangi zimo ndani yake. Sisi tukalitafsiri "ustawi wa jamii", neno safi kabisa! Msomaji wa Kiswahili atajuaje kilichomkera mhojiwa?

Si kwamba maoni yao hayashikiki. Kampuni ya Gallup ilipouliza mwaka 1958 kuhusu ndoa kati ya Weupe na Weusi, asilimia 4 tu waliziafiki. Mwaka 2021 walifika 94. Mabadiliko ya namna hiyo hayaletwi na neno moja. Kuhusu uchumi ningekuwa mwangalifu zaidi. Rais wa chama kingine akishinda, wafuasi wa vyama viwili hubadilishana matumaini ndani ya wiki chache, bei za dukani zikiwa zilezile. Hapo aliyejibu amejibu kuhusu rais.

Na wengi wakiwa wengi kweli? Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Tafiti zikaonyesha takriban Wamarekani 9 kati ya 10 wanataka kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza. Aprili 2013 Seneti ikapigia kura pendekezo la kupanua uchunguzi huo. Kwa utaratibu wa Seneti zilihitajika kura 60. Waliokataa walikuwa 46, waliokubali 54, na pendekezo likaanguka.