Je, wajua kwa nini kundi la anwani 50,000 haliichoshi fayawoli, yaani programu inayochuja mawasiliano ya mtandao?

Wengi wanaosimamia seva wanaamini kundi la anwani za IP ni ufupisho wa kuandika tu, yaani wewe unaandika jina moja halafu mashine kwa ndani inalifumua na kupitia anwani moja moja kama kawaida. Sio hivyo. Ila hawajatoa hewani, maana kuna mahali ni kweli tupu: kwenye iptables, zana ya fayawoli ya Linux, ukiweka anwani tatu baada ya -s (yaani anwani ya chanzo) ukazitenga kwa koma, inakutengenezea kanuni tatu kimyakimya, na ukiziorodhesha utazikuta zimejipanga zote. Huo ni ufupisho. Seti ya ipset, yaani kundi lenyewe la anwani lenye jina, iliyoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo 2.6.39 mwaka 2011, ni mnyama mwingine, na nftables, mrithi wa iptables, nayo ina seti zake humo humo ndani.

Kanuni za kawaida zinasomwa toka juu kwenda chini mpaka moja ilingane na kinachopita. Kwa hiyo ukifungia anwani 50,000 kwa kanuni 50,000, anayeteseka zaidi ni pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) isiyo na kosa lolote, kwa sababu italinganishwa na zote ndipo ipite. Mhalifu aliye juu ya orodha anakatwa fasta!

Sasa seti ya aina ya hash:ip. Chukulia mtunza mizigo mwenye visanduku elfu kadhaa vyenye namba. Mtu akija hapekui visanduku vyote, anachukua jina, analipigia hesabu ileile kila siku, hesabu inatoa mfano 4812, anafungua hicho tu. Jina halimo? Basi halipo popote, kazi imeisha. Majina yakizidi anaongeza visanduku na kupanga upya, ndo maana kutafuta hakurefuki.

Kituko kiko kwenye hash:net, ile ya mitandao mizima. Anwani 10.1.2.3 inaweza kuwa ndani ya mtandao wa ukubwa wa /24, au /16, au /8 (namba ikipungua mtandao unakua), na fayawoli haijui ipi, hivyo inapiga hesabu upya kwa kila ukubwa uliomo kwenye seti. Kinachoongeza kazi hapo ni aina za ukubwa, wingi wa mitandao si hoja.

Tusitie chumvi lakini. Kama kanuni ya kupitisha miunganisho iliyokwisha kubaliwa iko juu kabisa, orodha ndefu inaumiza zaidi pakiti za mwanzo wa muunganisho tu, na kwa anwani kumi hutahisi tofauti yoyote. Pia seti za hash zina kikomo cha anwani au mitandao 65,536 usipobadilisha maxelem (mpangilio wa kikomo hicho), ukizidisha inakataa kuongeza.

Kanuni hiyohiyo ya juu ndiyo inafanya umwingize mtu kwenye seti na bado umwone anaendelea kupakua: muunganisho wake ulishakubaliwa, haufiki kwenye seti, mpaka uufute kwa amri ya conntrack -D.