Sauti zinazopishana: kuisikiliza "Music for Airports" kwa makini

Wengi huiwasha albamu hii wakitaka kusoma au kulala. Mimi ni fundi wa sauti, na naomba leo uketi nayo bila kazi nyingine mkononi. Ni "Ambient 1: Music for Airports" ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, ya mwaka 1978. Anza na wimbo wa pili, unaoitwa "2/1".

Hauna ngoma, hauna maneno wala kiitikio. Kuna sauti za watu tu, kila moja ikishikilia noti moja, inafifia, inanyamaza, kisha inarudi. Nilipousikia mara ya kwanza niliamini kuna mtu aliyekaa akapanga nani aingie lini. Sivyo. Kila noti iliwekwa kwenye mkanda wake wa kurekodia, mkanda ukaungwa ncha kwa ncha ukawa duara, ukaachwa ujizungukie. Mmoja ulikuwa mrefu kiasi kwamba ulipitishwa kwenye viti vya alumini ndani ya studio ya mtayarishaji wa muziki Conny Plank, Ujerumani.

Utamu wote umo katika urefu wa mikanda hiyo. Kwa makadirio ya Eno mwenyewe, noti moja hurudi kila sekunde 23 na nusu, nyingine kila sekunde 25 na 7/8, ya tatu kila sekunde 29 na 15/16. Kwa hiyo katika kila mzunguko ya pili inazidi kuachwa na ya kwanza kwa sekunde 2 na ushee. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: ukizianzisha hizo tatu kwa pamoja, zitaanza tena pamoja baada ya siku 27 hivi. Na katika wimbo huu mikanda ni saba! Dakika tisa tunazozisikia ni dirisha dogo tu.

Basi chagua sauti moja, yoyote iliyokugusa, uisubiri. Ikirudi, sikiliza imekuta nani. Awali ilikuwa peke yake. Sasa chini yake kuna noti nzito, nayo inasikika imetulia kama mtu aliyefika nyumbani. Raundi ijayo inagongana na noti ya jirani na kuwa na simanzi. Yenyewe haijabadilika hata chembe, ni rekodi ile ile. Nimefanya zoezi hili mara nyingi sana na bado linanisisimua.

Usitumie faili lililobanwa kupita kiasi, kwa maana linaweza kula mikia ya mwangwi, yaani sauti inavyofifia polepole, na hapa mikia ndiyo muziki.

Halafu punguza sauti. Mwaka 1975 Eno alikuwa kitandani akiuguza majeraha ya ajali, santuri ya kinubi ikicheza kwa sauti ya chini mno, spika ya upande mmoja haifanyi kazi, na yeye hana nguvu za kuinuka kuirekebisha. Nje mvua ilinyesha, na noti chache tu zilipenya katikati ya sauti yake. Nami hupunguza kidogo kidogo mpaka sauti ile niliyoichagua ilingane na mvumo wa chumba, nisijue kama imeshaisha au bado inafifia. Wimbo ukikoma nikiwa hapo, huchukua muda kabla sijatambua kwamba umekoma.