Longibodi Kwenye Mji Usio na Vilima: Dhana Potofu na Ukweli

Mkazi wa mji tambarare akisema tu kwamba anataka longibodi, yaani skeitibodi ndefu, ubao wa magurudumu manne wa kusafiria, huambiwa asitupe fedha zake bure kwa sababu hakuna pa kuteremkia. Wanaomwambia hivyo wameona video za watu wakishuka milima kwa kasi ya gari, wakaamini kwamba mchezo wote ndio huo. Kushuka milima ni tawi moja tu, na wanaolifanya kwa dhati ni wachache. Waendeshaji wengi husukuma kwa mguu, hukata kona za taratibu, huenda kazini na kurudi, au hucheza juu ya ubao kwa hatua za kupishanisha miguu, na mambo hayo yote yananoga zaidi kwenye ardhi iliyolala.

Mifano iko mingi. Mwaka 1976 Jack Smith na wenzake wawili walivuka Marekani kutoka magharibi hadi mashariki kwa skeitibodi, wakisukuma kwa miguu. Katika mashindano ya saa 24 ya Ultraskate yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za magari wa Homestead-Miami, Florida, mabingwa wamepita kilomita 400 kwa siku moja bila mteremko wa kuwasaidia. Mashindano yanayojulikana zaidi duniani ya kucheza juu ya longibodi hufanyika Eindhoven, Uholanzi, nchi ambayo kilima ni habari. Na Ko Hyojoo wa Korea Kusini alijulikana duniani kwa video ambazo ndani yake anacheza juu ya ubao kwenye sakafu tambarare kabisa.

Kwa hiyo swali halisi si kama mji wako unafaa. Swali ni vifaa gani vinafaa pale ambapo kila mita unailipia kwa mguu wako mwenyewe. Mlimani, mteremko hukurudishia nguvu zote zinazopotea kwenye magurudumu mabaya. Kwenye tambarare hakuna wa kukurudishia. Hapa ndipo dhana potofu zinapowagharimu watu, maana ushauri mwingi uliozagaa ni wa wateremka milima au wa vijana wanaoruka ngazi kwa skeitibodi fupi.

“Gurudumu gumu ndilo lenye kasi”

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayoharibu starehe ya wengi, na inaaminika kwa sababu ina nusu ya ukweli. Kwenye sakafu laini kama kioo, gurudumu gumu kweli hubingirika vizuri, kwani halibonyei na halipotezi nguvu kwa kubonyea. Lakini nani ana mji wenye sakafu ya kioo? Lami ya kawaida ina vijiwe vilivyochomoza. Gurudumu gumu likikutana na kijiwe hulazimika kukipanda, ubao mzima unainuka kidogo, kisha unashuka. Mara elfu kwa dakika. Mtetemo unaousikia kwenye nyayo na magoti ni nguvu ya msukumo wako inayopotea bila kukusogeza mbele. Gurudumu laini hukimeza kijiwe, likaendelea na safari.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na huandikwa pembeni mwa gurudumu: 78A, 80A, 99A. Skeitibodi ya kurukia ngazi hutumia magurudumu madogo ya milimita 50 na ushee, yenye ugumu unaokaribia 100A. Kwa mji tambarare wenye lami ya kawaida, tafuta kati ya 75A na 80A, na kipenyo cha milimita 70 hadi 75. Lami ikiwa mpya na laini sana, unaweza kupanda kidogo kwenye ugumu.

Historia ya mchezo huu inasema hivyohivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mbao zilitumia magurudumu ya udongo mgumu au chuma, na kokoto moja ilitosha kumrusha mtu. Frank Nasworthy wa Marekani aliposambaza magurudumu ya poliyurethani, plastiki inayobonyea kama mpira, ambayo awali yalitengenezwa kwa ajili ya viatu vya magurudumu, mchezo uliokuwa umezorota ulifufuka. Kilichobadilika ni ulaini. Barabara za mjini zilikuwa zilezile.

Ukubwa wa gurudumu nao una mipaka yake. Gurudumu kubwa hupita juu ya nyufa kwa urahisi na hutunza mwendo, ila ni zito kuanza kulizungusha, na kama ubao hauna nafasi ya kutosha juu yake, kwenye kona kali linagusa ubao na kusimama ghafla. Ukisimama wewe, ubao husimama. Ukisimama ubao, wewe huendelea. Kabla ya kununua magurudumu ya milimita 80 na zaidi, egemea upande mmoja wa ubao kwa uzito wako wote na utazame kama yanagusa.

Namba kwenye beringi

Muuzaji akikuambia beringi ya ABEC 9 ina kasi kuliko ya ABEC 5, msamehe, kaambiwa hivyo na yeye. Kipimo cha ABEC kina ngazi za 1, 3, 5, 7 na 9, nacho kinaeleza jinsi vipimo vya beringi vilivyo sahihi kiwandani: upana, vipenyo, mduara. Hakisemi lolote kuhusu ubora wa chuma, grisi iliyomo, kizuia vumbi, wala uwezo wa kuhimili vishindo vya pembeni, mambo ambayo ndiyo yanayoua beringi za ubao.

Tupige hesabu. Gurudumu la milimita 70 likizunguka mara moja hukwenda sentimita 22 hivi. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo mzuri wa kusukuma mjini, gurudumu linazunguka takriban mara 1,100 kwa dakika. Beringi ya aina ya 608, inayotumika kwenye mbao karibu zote, imetengenezwa kuhimili makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Usahihi unaolipia kwenye ABEC 9 ni wa mashine za kasi ambayo mguu wa binadamu hautaifikia kamwe.

Linalofanana na hilo ni lile jaribio la dukani la kuzungusha gurudumu kwa kidole na kuhesabu sekunde. Gurudumu halina mzigo hapo. Beringi yenye grisi nzito huonekana mvivu mkononi, lakini ukishasimama juu ya ubao tofauti hiyo haionekani, tena grisi hiyo ndiyo itakayozuia kutu mvua ikikukuta njiani.

Fedha ya ABEC 9 inunulie kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: spesa, yaani kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili ndani ya gurudumu. Mbao nyingi za bei rahisi huuzwa bila spesa. Matokeo yake ni kwamba unapokaza nati, unazibana beringi kwa ubavu, zinalia, zinakwama, na unadhani zimekufa. Ukiwa na spesa na washa zake (vile viduara vyembamba vya chuma), kaza nati hadi gurudumu lisicheze, kisha lizungushe: linapaswa kwenda bila kusita. Na tafadhali usipulizie beringi zile dawa za kopo za kulainisha nati zenye kutu. Zinafukuza grisi, zinakauka, na zinaacha vumbi lishike. Beringi chafu huoshwa kwa kiyeyushi, hukaushwa kabisa, kisha huwekwa tone la mafuta laini ya mashine.

“Mwanzo uanze na ubao mrefu kabisa”

Urefu una faida yake kwa wanaocheza, kwani wanahitaji nafasi ya kutembeza miguu. Kwa anayesukuma, jambo la kwanza kuangalia ni kimo cha ubao kutoka ardhini. Kila unapoteremsha mguu kusukuma, goti la mguu uliobaki juu linapinda, kisha linanyanyua uzito wako wote. Kilomita moja inaweza kudai misukumo mia moja hivi. Ukizidisha kwa kilomita kumi, sentimita mbili tatu za kimo ndizo zinazoamua kama kesho utashuka ngazi kwa raha.

Ndiyo maana kuna mbao zilizotobolewa ili traki, kile chuma kinachobeba ekseli na magurudumu, ipite katikati ya ubao na kuuteremsha. Nyingine zimepindwa katikati zikashuka zaidi. Kwenye mji tambarare hizi ni neema. Mbao zinazonepa sana nazo huvutia dukani, na kweli hunyonya mtetemo, lakini ubao ulio laini mno kwa uzito wako hula sehemu ya kila msukumo. Simama juu yake: ukikaribia kugusa chini, uache.

Na usisahau kujifunza kusukuma kwa miguu yote miwili. Hakuna kifaa kitakachokusaidia kama hicho. Anayesukuma kwa mguu mmoja tu huchoka goti la upande mmoja kabla mapafu hayajaanza kazi.

“Traki zikazwe ndipo uwe salama”

Kwa mwendo wa mlimani, ubao usioyumba una maana. Kwenye mwendo wa mjini, traki zilizokazwa sana zinakunyima uwezo wa kukwepa shimo, na zinafanya kila kona iwe ya kushuka na kugeuza ubao kwa mikono. Ndani ya kila traki kuna bushi mbili, yaani vipete vya poliyurethani vinavyobonyea ubao unapoegemea. Hizo ndizo zinazoamua ubao ugeuke kwa urahisi gani, na huuzwa kwa ugumu tofauti kulingana na uzito wa mtu. Mtu mwembamba kwenye bushi ngumu atalegeza nati hadi ikaribie kuchomoka, na bado hatapata kona. Badilisha bushi. Ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kwenye ubao na hubadilisha mengi.

“Palipo na lami panafaa”

Hapa ningependa watu watulie kidogo, kwa sababu mji tambarare hutofautiana mtaa kwa mtaa, na macho peke yake hudanganya. Njia moja rahisi ya kupima: simama, sukuma mara tatu kwa nguvu ileile, kisha acha ubao ujiendee mpaka usimame. Tazama umefika wapi. Rudia kwenye barabara ya pili. Utashangaa barabara mbili zinazofanana kwa macho zinavyopishana, moja ikikufikisha mara mbili ya nyingine. Sikiliza pia. Lami nzuri hutoa mvumo wa chini ulio sawa. Lami iliyochakaa hunguruma. Vigae vya kando ya barabara hugonga kila kiungo, na magurudumu madogo huvihesabu kimoja kimoja.

Sehemu bora kwa kawaida ni njia za baiskeli kandokando ya mto, ziwa au bahari, maana hazina makutano mengi. Njia ya Lakefront mjini Chicago ina urefu wa kilomita 29 hivi pembeni mwa Ziwa Michigan, na karibu yote imelala. Kando ya mto Han mjini Seoul ni vivyo hivyo. Berlin ina Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kama bustani ya umma mwaka 2010. Barabara zake mbili za kurukia ndege zina urefu wa takriban kilomita 2 kila moja, na sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu mwenye longibodi. Mji usio na bahati hiyo bado una maegesho ya magari yanayobaki matupu siku za mapumziko. Omba ruhusa kwanza, kwani unaloomba ni dogo na mara nyingi hukubaliwa.

Kipo pia kilima cha tambarare ambacho ramani haionyeshi: upepo. Mwili uliosimama wima juu ya ubao ni tanga, na ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi. Anza safari ukiukabili upepo wakati miguu bado ina nguvu, urudi ukiwa mgongoni. Waliofanya kinyume wamejikuta wakirudi nyumbani wamebeba ubao kwapani.

Usalama

“Hapa hakuna mteremko, helmeti ya nini?” Hii inanikera kweli. Kuanguka vibaya kwenye tambarare hakuhitaji kasi. Kokoto ikibana gurudumu, ubao unasimama na wewe unakwenda mbele. Ubao ukichomoka, unaanguka chali na kisogo ndicho kinachotangulia. Urefu wa kuanguka ni wako mwenyewe, uwe mlimani au uwanjani. Tafuta helmeti yenye alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya kinachohusu baiskeli, skeitibodi na viatu vya magurudumu, au ASTM F1492 ya Marekani, na uvae vikinga vya viganja, kwa sababu kila anayeanguka hutanguliza mikono.

Breki nayo ijifunze kabla ya kasi. Uzito wote uende mguu wa mbele, goti lipinde, kisha mguu wa nyuma uteremke polepole mpaka soli yote iguse lami kwa wepesi, ndipo uongeze uzito kidogo kidogo. Wanaokanyaga kwa ghafla huzungushwa na mguu wao wenyewe. Viatu viwe na soli bapa na nene. Reli za tramu zivuke kwa pembe mraba. Mistari ya rangi barabarani, ikishalowa, ichukulie kama mafuta yaliyomwagika, na baada ya mvua vua magurudumu, futa beringi na uziache zikauke kabla hujazirudisha.