Dola 2.5 kwa Saa au kwa Mwezi? Kuandika Maelezo ya Zana Anayoitumia Wakala wa Akili Mnemba

Wakala ninayemzungumzia hapa hakai chini ya mwavuli akitoa pesa za simu. Ni programu ya akili mnemba. Unaiuliza kwa lugha ya kawaida, tuseme "mkataba wetu wa wingu unatugharimu kiasi gani?", nayo inaamua yenyewe itumie zana ipi kutafuta jibu. Zana ni kipande cha programu chenye kazi moja. Mwaka 2024, mwezi Novemba, kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, na zana zinazoufuata hujitambulisha kwa namna moja: jina, maelezo, na taarifa zinazohitaji kupewa. Wakala haoni msimbo ulio ndani. Husoma maelezo tu, na yakiwa na kasoro atakosea huku akijibu kwa uhakika wa mtu aliyehesabu mara mbili.

Sisi wa TEHAMA tumezoea kuandika maelezo ya namna hii dakika ya mwisho. Kwa zana inayosoma ahadi za matumizi ya wingu, yaani seva (kompyuta) za kukodi kupitia mtandao, uzembe huo una bei.

Ahadi yenyewe iko hivi. Kwa Amazon, mpango wa Savings Plans ulioanza Novemba 2019 unakutaka uahidi kutumia dola kadhaa kila saa, kwa mwaka 1 au miaka 3. Nao wanakupunguzia bei, hadi asilimia 72 kwa aina moja ya mpango na 66 kwa aina nyingine iliyo huru zaidi. Lifikirie bando la saa moja linalojinunua upya kila saa, mchana na usiku. Usipolimaliza halihamii saa inayofuata. Seva zikizimwa Jumamosi, bando linaendelea kukatwa.

Sasa wakala anauliza, na mfumo unamrudishia neno "commitment", yaani ahadi, na namba 2.5. Basi. Hakuna palipoandikwa "kwa saa" pembeni ya namba hiyo. Akidhani ni kwa mwezi, atamwambia mhasibu kwamba taasisi imejifunga kwa dola 2.5, fedha ya chai na vitafunwa. Ukweli ni dola 21,900 kwa mwaka, maana mwaka una saa 8,760. Kwa mkataba wa miaka 3 ni dola 65,700. Muda wa mkataba nao haurudi kwa miaka, unarudi kwa sekunde: 31,536,000 ni mwaka 1. Na kama ulilipa yote mwanzoni, sehemu ya malipo yanayojirudia itaonyesha sifuri, na wakala asiyeelezwa atasema hamlipi kitu.

Kuna watoa huduma wengine pia. Google ina ahadi zinazopimwa kwa dola, na nyingine zinazopimwa kwa vichakataji na kumbukumbu za kompyuta, si kwa fedha. Microsoft ina mkataba wa Azure, wingu lake, unaohesabu kiasi cha jumla kwa kipindi chote. Neno ni moja, vipimo vitatu. Kwa hiyo maelezo ya zana yetu yanaanza hivi:

"Husoma ahadi za Savings Plans za Amazon pekee. Kiasi cha ahadi ni dola za Marekani kwa saa 1. Usikijumlishe na ahadi za Google au Azure. Haionyeshi ahadi imetumika kwa kiasi gani."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wakala asipoambiwa zana haifanyi nini, atalazimisha jibu kutoka kwenye alichopewa. Anayetaka kujua matumizi aelekezwe kwenye zana nyingine, na aelezwe kwamba maswali hapo ni mawili. La kwanza, ahadi imetumika kwa asilimia ngapi? La pili, matumizi yote yanayostahili punguzo yamefunikwa na ahadi kwa asilimia ngapi? Ahadi iliyotumika asilimia 60 huku matumizi yakiwa yamefunikwa asilimia 95 maana yake mlinunua nyingi mno. Kinyume chake, labda mna nafasi ya kuongeza. Tena zana hiyo ya pili hupitia Cost Explorer, huduma ya Amazon ya kuchambua gharama, ambako kila ombi hutozwa senti 1 ya dola. Ni kidogo, ila wakala aliyekwama anaweza kurudia ombi usiku kucha.

Kuandika kwamba zana "husoma tu" kunamwongoza wakala, hakumzuii. Kinachomzuia ni ruhusa za akaunti: asipewe kabisa ruhusa ya kununua. Mpango ukishanunuliwa haufutiki. Kinachowezekana ni kuurudisha tu, ndani ya siku 7, kabla mwezi ulionunuliwa haujaisha, na kwa ahadi isiyozidi dola 100 kwa saa.

Yamebaki majira. Tarehe za mfumo huja kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu Afrika Mashariki kwa saa 3. Mpango unaoandikwa kuisha Juni 30 saa 21:30, kwetu unaisha saa sita na nusu usiku, Julai 1 imeshaingia, yaani mwaka mpya wa fedha wa Serikali, Tanzania na hata Kenya. Tulimwandikia wakala abadilishe saa kwanza, ndipo ataje tarehe.