Fueli yabisi ya roketi haingoji hewa, wala hailipuki kwa mkupuo

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Injini zake zote 4, zilizopangwa moja juu ya nyingine, zilitumia fueli yabisi.

Wapo wanaodhani kwamba fueli hiyo huwaka kwa hewa ya nje, kama kuni. Ingekuwa hivyo, injini za juu za Scout, zilizowashwa mahali ambapo hewa karibu haipo, zisingewaka kamwe. Oksijeni imo ndani ya fueli yenyewe, katika chembe za chumvi maalumu ambazo, katika fueli nyingi za leo, hushikwa pamoja na mpira, hata ukikibonyeza kipande chake utadhani ni kifutio cha mwanafunzi.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba moto ukigusa upande mmoja, donge zima hulipuka papo hapo. Kinachopata moto ni ngozi ya juu tu: joto huivunja kuwa gesi, gesi huwaka juu kidogo ya uso, na mwako huo hurudisha joto kwenye tabaka linalofuata, huku sehemu ya ndani, kwa kuwa mpira haupitishi joto upesi, ikibaki baridi. Ndiyo maana kila roketi ya pembeni ya Space Shuttle, chombo cha Marekani kilichobeba watu angani, yenye tani 500 hivi za fueli, iliwaka kwa takribani dakika 2. Hatari kubwa ni ufa, kwa sababu huongeza uso unaowaka, gesi huzidi, mgandamizo hupanda na kuharakisha mwako, mpaka ganda linapasuka.

Si kweli pia kwamba kipimajoto pekee kinatosha kutuhakikishia usalama wa fueli iliyohifadhiwa. Donge kubwa likikaa muda mrefu kwenye joto la wastani huweza kujipasha lenyewe katikati, kama lundo la samadi, likawaka kutokea ndani.

Kuhusu Challenger, chombo cha aina ya Space Shuttle kilichosambaratika angani tarehe 28 Januari 1986, wengi huamini kwamba fueli yabisi ndiyo iliyolipuka. Kilichoshindwa ni kizibo cha mpira cha roketi moja ya pembeni, kilichokakamaa kwa baridi, kikavujisha gesi ya moto. Chombo kiliposambaratika katika sekunde ya 73, roketi zote mbili za pembeni zilichomoka kwenye wingu zikiwa bado zinawaka, na kwa kuwa fueli yabisi ikishawaka haizimiki, ilibidi ziharibiwe kwa amri ya redio kutoka ardhini.