Ndege wa pwani majira ya baridi: angalia maji kwanza, darubini baadaye

Watu wengi wakisikia kuangalia ndege pwani wakati wa baridi wanaona ni mambo ya watu wasio na kazi, upepo unapiga, mvua haiishi, vidole vimekufa ganzi, halafu ndege wenyewe wote rangi ya kijivu. Kuhusu vidole sibishi. Ila sisi ambao kazi yetu ni kuhesabu ndege tunaisubiri hiyo miezi, kuanzia Novemba mpaka Machi huko kaskazini mwa dunia, pengine kuliko hata majira ya kutaga, maana hapo ndipo pwani inajaa kweli kweli. Na sababu yake wala sio ngumu: maji yenye chumvi hayagandi upesi. Ziwa au bwawa linaganda joto likifika nyuzi 0, bahari mpaka ishuke kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, tena maji yake hayatulii, yanajaa na kupwa kila siku, kwa hiyo bara kukishaganda na ardhi ikakaza kiasi kwamba mdomo hauingii, ndege waliokuwa wanatoboa udongo na kuzamia chakula kule wote wanateremkia baharini. Hapo bado hujahesabu wale waliozaliana Aktiki, Greenland, Siberia, Kanada ya juu kabisa, ambao wao pwani ya baridi kwetu sisi kwao ni sehemu ya joto.

Mfano mzuri ni Wadden Sea, ule ukanda wa matope na mchanga unaoanzia Uholanzi ukapita Ujerumani mpaka Denmark. UNESCO waliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2009, upande wa Denmark ukaongezwa 2014, na kila mwaka kuna ndege kama milioni 10 hivi wanaoutumia, wengine wanapita tu kula na kuendelea na safari, wengine wanakaa baridi nzima. Ukiangalia kwa macho ya kawaida ni tope tupu. Chini ya hilo tope kuna kome, kombe, minyoo na vikamba wadogo wasio na idadi, na hicho ndicho kinachowaleta.

Sasa, anayeanza huwa anafanyaje? Anaangalia utabiri wa hali ya hewa, anaangalia jua linachomoza saa ngapi, anafika alfajiri na darubini mpya shingoni, anakuta maji yamepwa, bahari iko kilomita mbili mbele na ndege ni vidoti vidoti huko mwisho wa upeo. Anarudi nyumbani anasema hakuna kitu. Kitu kilikuwepo, ila ndege wa pwani hawafuati saa ya jua, wanafuata maji. Maji yakipwa wanatawanyika kula, yakijaa wanasukumwa kuja nchi kavu kupumzika, hata usiku wa manane mambo ni hayo hayo, wengi wanakula gizani kama kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kitabu cha ndege na kabla ya apu yoyote, tafuta jedwali la maji la sehemu unayokwenda. Kati ya maji kujaa na kujaa tena kuna kama masaa 12 na dakika 25, ndio maana kila siku muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi, yaani muda uliokufaa Jumamosi hii hautakufaa Jumamosi ijayo, wiki moja tu na mambo yamegeuka, ulipokuta maji tele utakuta tope. Halafu angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua, maji yanapanda juu sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki kwa kishindo. Mimi ukiniuliza siku ya kumpeleka mtu mgeni nitachagua bamvua bila kusita, kwa sababu maji yanafunika karibu kila kitu na ndege wanabaki na sehemu chache tu za kusimama, wanajazana hapo mbele yako kwa maelfu. Fika masaa mawili au matatu kabla ya maji kujaa, kaa chini mahali pamoja, tulia, waache waje wenyewe. Usiwafuate. Mtu anayetembea ufukweni kuwafuata ndege atawaona migongo tu.

Na jedwali lenyewe usiliamini kama msahafu, ile ni hesabu ya mwezi na jua, haijui upepo. Upepo ukivuma kutoka baharini kuja nchi kavu maji yanapanda zaidi ya ilivyoandikwa, na kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikishuka nayo inayainua, kama sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 (ndicho kipimo cha kanieneo), sasa dhoruba ya baridi inakuja na vyote viwili kwa pamoja. Pia ukiwa ndani kwenye mlango wa mto maji yanachelewa kufika kuliko pale mdomoni pa bahari.

Tuje kwenye kuwatambua, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Wakati wa kiangazi ndege hawa wana rangi, matofali, nyeusi, dhahabu, baridi ikifika wanavua zote wanakuwa kijivu juu na weupe chini, kitwitwi huyu na yule wanafanana. Ushauri wangu, achana na rangi. Angalia mdomo una urefu gani ukilinganisha na kichwa, angalia miguu, na zaidi ya yote angalia anakulaje. Yule mdogo mweupe anayekimbia kwenye ukingo wa wimbi, wimbi likirudi naye anarudi nalo, likija anakimbia mbele yake kama anachezeshwa, huyo ni Calidris alba (nitawataja kwa majina ya kisayansi), na ukipata kumuona mguu vizuri utakuta hana kidole cha nyuma. Anayepindua mawe na mwani kutafuta kilichojificha chini ni Arenaria interpres, humkosei hata ukiwa mbali. Mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu wa rangi ya chungwa ni Haematopus ostralegus, mla kome, na hawa wana mambo: wengine wanagonga gamba kama nyundo mpaka livunjike, wengine wanachomeka mdomo katikati ya magamba mawili wakakata msuli, kila mmoja na staili yake na ncha ya mdomo wake inachongeka kufuatana na staili hiyo.

Anayenishangaza kuliko wote ni Calidris canutus. Kwa sura hana chochote, mnene kidogo, kijivu, mdomo wa wastani. Lakini ncha ya huo mdomo ina vihisio vya mgandamizo, anauchomeka kwenye mchanga wenye majimaji na anajua kuna gamba jirani hata kabla hajaligusa, akilipata anameza zima zima, halafu firigisi ndiyo inalisaga tumboni. Na hiyo firigisi inakuwa kubwa au ndogo kulingana na kazi iliyopo. Tofauti hizi za midomo sio urembo, ndizo zinazowafanya spishi nyingi wale tope moja bila kugombana sana, mdomo mfupi unaokota juu, wa kati unafika kwenye kombe, mrefu wa membe unafika kwa mnyoo aliyejichimbia ndani.

Shakwe nitawapita haraka, sio kwamba hawana maana, ila shakwe wakubwa wanachukua miaka kama minne kufikia manyoya ya utu uzima na kila mwaka sura nyingine, kwa mtu anayeanza ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Anza na wazima, vijana waache kwa sasa. Baharini kwenyewe tafuta bata wa bahari kama wale Somateria wanaozamia kome, na ukiona bata bukini wadogo weusi wamejaa kwenye nyasi bahari hao ni Branta bernicla. Miaka ya 1930 ugonjwa uliua nyasi bahari sehemu kubwa ya Atlantiki na bata hawa nao wakaporomoka vibaya sana kwa idadi.

Baridi wanaivumiliaje? Kila msimu kuna mtu atapiga simu kwetu kusema kaona ndege mlemavu, ana mguu mmoja, twendeni tukamuokoe. Ahsante kwa moyo huo, lakini ule mwingine kauficha ndani ya manyoya anaupasha joto. Miguu yenyewe imetengenezwa kiakili sana, mishipa inayoshusha damu ya moto inapita bega kwa bega na ile inayorudisha damu ya baridi, joto linahama kutoka huku kwenda huku kabla halijafika chini, basi mwili unabaki na joto lake na mguu unapata kidogo tu cha kutosha usigande. Na chumvi wanayoimeza inatolewa na tezi zilizoko juu ya macho, inadondoka puani, hivyo ukimuona anatikisa kichwa na tone kwenye mdomo sio mafua.

Ila uvumilivu wote huo unalipiwa kwa chakula, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kitwitwi mdogo aitwaye Calidris alpina ana uzito wa gramu 50 hivi, mchana wa baridi ni mfupi, na sehemu kubwa ya muda tope limefunikwa na maji. Anahitaji karibu kila dakika anayoipata. Ukimrusha mara moja amepoteza muda wa kula na amechoma mafuta ya kuruka, ukimrusha wakati maji yamejaa ambapo hawezi hata kula umemnyima usingizi na hana pa kufidia. Wewe umepita mara moja tu, sawa, lakini nyuma yako anakuja mwenye mbwa, kisha mwenye droni, kisha mpiga picha anayetaka kundi liruke ili picha ipendeze. Kozi akishambulia kundi ni haki yake, anatafuta riziki. Sisi hatuna haki hiyo. Dalili ni rahisi: wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja umeshakaribia mno, wakianza kutembea kwenda mbali na wewe umezidi, rudi nyuma polepole hapo hapo. Mbwa mfunge kamba. Droni iache nyumbani, mimi kwa hili sina mjadala.

Maana safari zao zenyewe hazina mchezo. Mwezi Oktoba 2022 membe mmoja kijana wa spishi ya Limosa lapponica aliyefungwa kifaa cha satelaiti alitoka Alaska akatua Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua, bila kula, bila kunywa. Kabla ya safari kama hiyo wanajaza mafuta na viungo vya kusagia chakula vinanywea kupunguza mzigo. Wengine wanaoikimbia baridi ya kaskazini wanafika Banc d'Arguin kule Mauritania, ambako zaidi ya milioni mbili wanakaa msimu mzima, na wengine wanafika mwambao wa Afrika Mashariki. Mida Creek, Kenya, kuna mla kaa Dromas ardeola, huyu hatoki hata Aktiki, anataga kwenye mashimo anayochimba mchangani kuzunguka Bahari ya Arabu, na hakuna ndege mwingine wa kundi lake mwenye desturi hiyo ya kuchimba.

Vifaa nisikuchoshe. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa, 8 ni mara anazokuzwa ndege na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ukipanda mpaka 12 mkono wenye baridi utatetemeka hutaona kitu. Kama una teleskopu ya miguu mitatu ishushe chini na ukae, upepo hauna huruma na kilichosimama juu. Jua liwe mgongoni kwako, la baridi linakaa chini sana na ukiangalia kulielekea kila ndege anakuwa kivuli. Na ukirudi ndani kwenye joto iache darubini kwenye mkoba kwanza, ukiitoa ghafla itajaa mvuke.

Kuhusu usalama: tope halitaniani. Februari 2004 wavuna kombe zaidi ya 20 walikufa Morecambe Bay, Uingereza, maji yakiwazunguka usiku, na wale walikuwa kazini, sio watalii. Usiingie kwenye tope bila mwenyeji anayelijua, mwambie mtu unarudi saa ngapi, na kaa upande wa nchi kavu, ndege wanakuja huko huko. Ukikuta ndege amekufa au analegea usimshike, homa ya mafua ya ndege ya H5N1 imeua ndege wengi wa baharini miaka hii ya karibuni, piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori ya hapo ulipo.

Ukishazoea kidogo njoo kwenye hesabu. Ile ya Krismasi ya Marekani ilianzishwa na mtaalamu wa ndege Frank Chapman tarehe 25 Desemba 1900 ikiwa na watu 27, kipindi kile desturi ilikuwa kwenda kupiga ndege risasi siku hiyo, yeye akasema tuwahesabu badala yake, na mpaka leo inafanyika kila mwaka kati ya Desemba 14 na Januari 5. Ya kimataifa ya ndege wa majini inafanyika Januari tangu 1967, inaratibiwa na shirika la Wetlands International, na Januari imechaguliwa kwa sababu wengi wametulia, hawahamihami, hivyo hatuwahesabu mara mbili. Huhitaji kujua spishi zote, mtu anayejua kumi kwa uhakika ananifaa kuliko anayekisia hamsini.

Na ukimuona ndege mwenye pete za rangi au kibendera mguuni, alivyovishwa na watafiti ili atambulike, hapo tulia na uandike: mguu wa kulia au wa kushoto wa ndege mwenyewe, sio wa kwako, juu ya goti au chini, rangi kwa mpangilio kuanzia juu kushuka, na herufi au namba kama zinasomeka. Piga picha hata kama ni mbaya. Ukiona pete mbili tu na nyingine zimefichwa na maji, andika hizo mbili na useme miguu haikuonekana yote, usijazie kwa kukisia, sisi tutajua cha kufanya nazo.